Kipande cha Pili

Siku watoto wa chekechea walipompita Mzee Simba tumboni, ndipo malezi yalipokuwa janga la kijiji.

Kabla ya hapo hayakuwa janga. Mtoto wa Tumbili alikwishavunja mayai ya Mama Kanga mara kadhaa, na Mama Kanga alipokwenda kushtaki aliambiwa awe na moyo mkubwa, watoto ni watoto. Mtoto wa Kiboko alimng'ata mwenzake sikio, kesi ikafa yenyewe kwa sababu hakupatikana mgambo wa kupeleka hati ya wito majini. Lakini mchana ule wa Novemba, mvua za vuli zimechelewa na joto limekaa juu ya bonde la Seronera, Mzee Simba alikuwa katika usingizi wake wa kawaida, ule unaoweza kufika saa 20 kwa siku, mara nyani mlinzi akabweka: chui mgeni! Kanuni ya chekechea ilikuwa moja tu, na kila mtoto aliiimba asubuhi: ukisikia mlio, lala chini, nyamaza. Wakalala wachache. Waliobaki walitimka, na njia ya mkato kwenda mtoni ilipita juu ya tumbo la mwenyekiti.

Kikao cha dharura kiliitishwa jioni ileile chini ya mgunga mkubwa. Kwa wasiokijua kijiji hicho, wanyama wake walikuwa wamekubaliana wasilane wakati wa vikao, ndiyo maana swala hawakukosa kikao hata kimoja.

Katibu Kunguru akasoma ajenda: "Malezi ya akina mama na kuporomoka kwa nidhamu binafsi kwa watoto wa umri wa chekechea." Mama Pundamilia akauliza mbona akina baba hawamo. Akajibiwa kwamba akina baba ndio wajumbe wa kamati, na mjumbe hawezi kuwa ajenda, kanuni haziruhusu. Baba Mbuni ndiye angeweza kusema neno, maana mayai ya mbuni usiku huatamiwa na dume. Lakini hakuwahi kuchaguliwa kwenye kamati, kwa kuwa vikao ni vya jioni na jioni yeye hana nafasi.

Mzee Simba akafungua kwa methali, kama wafanyavyo viongozi ambao hawakujiandaa. "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu," akanguruma, makofi yakapigwa. Mzee Nyati akaongeza kwamba samaki mkunje angali mbichi. Baba Swala, mwenye pembe zake nzuri, ambaye hukaa kwenye himaya yake akiwangoja majike wapite na hawezi kumtambua mwanawe hata mmoja kwa sura, alisema kwa uchungu kwamba malezi ya siku hizi yanamkosesha usingizi.

Akina mama wakaitwa mmoja mmoja.

Mama Kiboko hakusubiri swali. "Wangu ana nidhamu. Muulizeni jina lake." Jina lake lilikuwa Mtii. Mama mtu akaeleza utaratibu wa nyumbani kwake: neno moja, halafu kofi, siku zenye haraka, kofi halafu neno. Sababu hazitolewi, kwani mtoto wa miaka minne akishazoea kupewa sababu atazidai kila siku. Mtii alikuwa amesimama kando, shingo imekakamaa, macho hayapepesi. Wajumbe wakatikisa vichwa kwa kuridhika. Hakuna aliyekumbuka kwamba kiboko huweza kuzama dakika tano bila kuibuka, na kwamba ni katika dakika hizo sikio la mwenzake Mtii lilipong'atwa.

Akafuata Mama Tumbili, mwanawe Sitaki akining'inia shingoni. "Mimi nimekulia kwenye makofi," alisema. "Niliapa wangu hatalia." Kiapo amekishika. Sitaki akitaka embe hupewa, akilitupa huokotewa, akitaka lililomo kinywani mwa mama yake hutolewa kinywani. Si kwamba Mama Tumbili hajui kusema hapana. Anaisema vizuri sana, mara tatu. Ya nne hukubali. Sitaki alikwishahesabu zamani, na siku hizi zile tatu za kwanza huzipita kwa kulia bila machozi, kama anayelipa nauli. "Mtoto akililia wembe, mpe," Mama Tumbili akamalizia, na wakati huo kalamu ya katibu ilikuwa imekwisha kuvunjwa vipande viwili.

Mama Fisi hakuwepo. Nyumbu walikuwa bado kaskazini, upande wa Mara, na wakati kama huo fisi wa Serengeti wanaonyonyesha husafiri kilomita 40 na zaidi kukifuata chakula, watoto wakabaki pangoni siku kadhaa. Jirani akasema alitoka juzi usiku.

"Atarudi lini?"

"Akipata."

Katibu akaandika: Mama Fisi, mtoro. Mtoto wake, aliyeitwa Wahi, alikuwa amekaa nyuma ya umati, macho kwenye mabaki ya viburudisho vya wajumbe.

Mama Swala alipoulizwa mbinu yake alisema hana mbinu. Alipobanwa ndipo akaeleza, kwa sauti ya chini, kama mtu anayeulizwa jinsi anavyopumua.

"Nikimlaza kwenye nyasi namwambia sababu: mbweha huona kinachotikisika. Halafu namwambia nitarudi lini. Kivuli cha mgunga kikigusa kichuguu, mimi nipo."

"Na kikigusa?"

"Nipo."

"Ndiyo hivyo tu?"

"Mwanzoni nilikuwa nakwenda hatua kumi, narudi. Alipozoea, ishirini. Sasa naweza kwenda malishoni."

"Asipotii?"

"Namrudisha palepale, tunaanza upya. Ninalolisema leo ndilo nililolisema jana."

"Kofi?" akauliza Mama Kiboko.

"Aliyepigwa hulia, dada, na mbweha ana masikio."

"Na ukichelewa?"

"Siku moja duma alinizuia bondeni. Nilipofika nilimwomba radhi mwanangu, nikamweleza."

Hapo minong'ono ikazagaa. Mkubwa amwombe radhi mtoto wa chekechea! Mzee Nyati akasimama kwa utaratibu, akaomba maneno hayo yafutwe kwenye muhtasari. Yakafutwa.

Kamati, kwa kweli, ilikuwa imepata jibu jioni ya kwanza. Tatizo la jibu hilo ni kwamba lilitolewa bure, na jibu la bure halina fungu katika bajeti. Ikaazimiwa kwa kauli moja kwamba atafutwe mshauri mwelekezi.

Akapatikana Daktari Mlembe.

Katika kuelekeza hakuna ndege anayemzidi. Ndiye yule ambaye Wahadzabe wa kando ya Ziwa Eyasi humpigia mbinja, naye akaitika na kuwatangulia mti kwa mti mpaka penye nyuki. Wao wakapasua na kuchukua asali, yeye akabaki na nta na mabuu. Kuhusu kulea, sifa zake ni za namna nyingine. Mkewe hutaga yai katika kiota cha keremkerem, kisha akaenda zake, na kinda lao huanguliwa likiwa na ndoano kwenye ncha ya mdomo, ambayo kazi yake ya kwanza duniani ni kuwaua makinda wa mwenye nyumba. Mama Keremkerem aliinua bawa. "Daktari amelea wangapi?" Mwenyekiti akamkumbusha kwamba maswali binafsi hayaruhusiwi.

Semina elekezi ilichukua siku mbili, pamoja na chai ya saa nne. "Huko Marekani," Mlembe akasema, "kwenye chekechea ya Chuo Kikuu cha Stanford, mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, mtaalamu Walter Mischel alimkalisha mtoto mezani, akamwekea kitu kitamu. Akamwambia: ukikila sasa, umepata hicho kimoja, ukisubiri mpaka nirudi, utapata viwili. Akatoka. Wapo waliokula. Wapo waliosubiri, na waliosubiri zaidi ni wale waliojisahaulisha, huyu anaimba, yule anajifunika macho, mwingine anazungumza peke yake. Miaka ikapita, wale waliosubiri wakaonekana kufanya vizuri zaidi shuleni."

Akafunga kitabu. Mzee Simba akaamshwa ili apige makofi.

"Kwa hiyo," Mlembe akaendelea, "tutawapima watoto, na kwa kipimo hicho tutajua mama yupi ni mama." Kutoka kwa mtoto hadi kwa mama aliruka bila kugusa tawi la katikati, na kwa kuwa ndege huruka, hakuna aliyeshangaa.

Mtihani ukafanyika asubuhi karibu na bwawa. Watoto wanne, kila mmoja na kipande chake cha sega juu ya jani la mwegea. "Ninakwenda," Mlembe akawaambia. "Kivuli kikigusa kichuguu kile nitakuwa nimerudi, na aliyesubiri atapata kipande cha pili."

Sitaki hakungoja sentensi ifike mwisho. Alikula, akalamba jani, akaanza kukililia cha pili. Mama yake, aliyekuwa kwenye tawi la juu kinyume cha maelekezo, akashuka na tunda mkononi: "Pole mwanangu, wamekuonea." Sitaki akalipokea kwa mkono mmoja huku mwingine ukipapasa jani la jirani.

Mtii alikaa wima, akatazama bwawani. Masikio mawili na pua pana vilikuwa juu ya maji. Akakaa wima zaidi. Kisha maji yakajifunga, na Mtii akameza kipande chake, akakomba na nta iliyobaki kwenye jani la Sitaki, akajifuta mdomo kwa nyasi, akalinyoosha jani lake likawa kama halijaguswa. Pua ilipoibuka, yeye alikuwa wima.

"Nani kala?"

"Upepo, mama."

Wahi hakukila chote. Alikivunja katikati, akabugia nusu. Nusu ya pili aliibana kwa meno ya mbele, mate yakimchuruzika hadi kifuani, akatoka mbio kuelekea pangoni, ambako pacha wake alikuwa amelala na mama yao hajarudi. Yeyote anayemjua fisi mwenye njaa, akimwona amebeba asali kinywani mwendo wote ule bila kumeza, angeandika kitabu kizima kuhusu nidhamu binafsi. Msaidizi wa Mlembe aliandika mstari mmoja: Ameshindwa kusubiri; ametoroka na mali ya utafiti.

Akabaki Kimya, mtoto wa Swala.

Kimya alikigeuzia kipande mgongo. Akakunja miguu, akalaza shingo chini. Inzi akatua kwenye kope lake la kushoto, akatembea taratibu hadi pembe ya jicho, akanywa chozi, akatulia. Kimya hakupepesa. Midomo tu ndiyo iliyokuwa ikicheza, na ukisogea ungesikia anajisemea, kwa lafudhi ya mama yake, mpaka pale mama mtu anapovuta neno la mwisho: "Lala mwanangu. Masikio chini. Kivuli kikigusa, mimi nipoo." Mama mwenyewe alikuwa malishoni, mbali. Mrusi mmoja, Lev Vygotsky, aliliandika jambo hilo juu ya watoto wa binadamu katika miaka ya 1930: maneno ambayo mtoto huambiwa na mkubwa, baadaye hujiambia mwenyewe kwa sauti, na mwisho hujiambia moyoni bila sauti. Huiazima sauti ya anayemlea, na siku moja husahau kuirudisha. Ndiyo maana inafaa kuangalia ni sauti gani unayomwazima.

Kivuli kikagusa kichuguu. Kikakipanda. Kikakivuka.

Mlembe alirudi jioni, ananukia asali. Vipande vya pili, akaeleza, viliingizwa kwenye posho ya kikao, kwa sababu kikao kilirefuka. Kimya akapewa cheti cha ushiriki. Alikinusa pande zote mbili, akakiacha pale kwenye nyasi.

Taarifa ya awamu ya kwanza ilisomwa mbele ya kijiji. Mama Swala: bora. Mama Kiboko: bora kiasi, ila upepo udhibitiwe. Mama Tumbili: hafifu. Mama Fisi: apewe barua ya onyo, akipatikana.

Wiki hiyo Korongo alikuwa ametua kutoka Ulaya, kama ilivyo desturi yake kila mwaka baridi ya huko inapoanza. Akasikiliza taarifa yote akiwa amesimama kwa mguu mmoja, kisha akaomba nafasi.

"Daktari, kitabu chako umekisoma nusu. Mwaka 2013 Celeste Kidd na wenzake, Chuo Kikuu cha Rochester, kabla ya mtihani huo waliwaahidi watoto vifaa vizuri zaidi vya kuchorea. Kundi moja likaletewa. Kundi la pili likaambiwa samahani, kumbe havipo. Ndipo kitamu kikawekwa mezani. Waliotimiziwa ahadi walisubiri kwa wastani wa dakika 12. Walioahidiwa hewa, dakika tatu. Rika ni lilelile. Kilichotofautiana ni neno la mkubwa."

Akabadilisha mguu.

"Mwaka 2018 Tyler Watts na wenzake waliurudia uchunguzi kwa watoto zaidi ya 900. Walipoingiza kwenye hesabu hali ya nyumbani, kipato, elimu ya mama, ule uhusiano wa kusubiri utotoni na kufaulu baadaye ukasinyaa sana. Anayejua kuwa kesho kipo, husubiri. Asiyejua ampe nani imani yake? Na mwaka huohuo ikatoka habari ya Kameruni. Watoto wa miaka minne wa Wanso, wana wa wakulima, karibu asilimia 70 walisubiri mpaka mwisho. Wenzao wa Ujerumani hawakufika asilimia 30. Na mama wa Kinso hacheki na mtoto: anataka atulie na atii mapema."

Mama Kiboko akainua kichwa, uso umenawiri. "Si niliwaambia?"

"Ila wao hukaa na mtoto mwili kwa mwili, bibie," Korongo akajibu. "Hawazami."

Kamati ikamshukuru mgeni, ikaeleza kwamba tafiti za ng'ambo hazilingani na mazingira yetu. Ile ya Stanford ilikwisha kupitishwa kabla ya angalizo hilo, hivyo ikabaki. Ikaamriwa awamu ya pili ifanyike ili kuthibitisha matokeo ya awamu ya kwanza.

Awamu ya pili ilikuwa fupi. Majani yaleyale, maneno yaleyale, Mlembe yuleyule. Sitaki alikula, Wahi akala, Mtii akala mara bwawa lilipotulia. Kimya akamtazama Mlembe, akautazama mkoba wake, akala kipande chake bila papara, akalamba jani, akaenda kucheza.

Taarifa ikaandikwa usiku uleule: nidhamu ya mtoto wa Swala imeporomoka kwa asilimia mia moja ndani ya wiki moja. Chanzo: mama amelegea. Pendekezo: Mama Swala ahudhurie semina.

Mzee Simba, ambaye alianza kuona haya, akamwita mtoto mbele.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wiki iliyopita ulisubiri. Leo imekuwaje?"

"Mama akisema atarudi, anarudi. Kwa hiyo kwa mama nasubiri. Mjomba Mlembe akisema atarudi, anarudi na cheti."

Kicheko kilianzia kwa pundamilia kikaenda mpaka kwa viboko majini. Mzee Nyati akaomba maneno hayo nayo yafutwe. Kunguru akasema wino umekwisha.

Ndipo Mama Swala akasimama bila kuitwa. "Mwenyekiti, mlinisifu, sasa mnanilaumu, na mara zote mbili nilikuwa malishoni. Mwanangu husubiri kwa sababu mimi huweza kurudi. Malisho yangu yako hapo bondeni. Mama Fisi malisho yake yako Mara. Aahidi saa ngapi, na kwa kivuli cha mti upi? Mmemwandikia barua ya onyo mtu ambaye amekwenda kutafuta maziwa ya kunyonyesha. Na Wahi mmemwandika mtoro. Nani alikwenda pangoni kumuuliza ile nusu ya pili alimpelekea nani?"

Hakuna mjumbe aliyekwenda. Hata njia ya pangoni kamati haikuijua.

Akina mama hawakungoja maazimio. Kesho yake Mama Ngiri, ambaye shimo lake lilikuwa jirani na pango la Fisi, alikwenda kuketi na wale pacha jua likizama. Hakuwa na chakula cha kutosha kuwapa. Aliwaambia: "Mama yenu yuko njiani. Siwezi kuwaambia atafika lini. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba kesho jua likizama mimi nitakuwa hapa." Na kesho yake akawa pale, na siku iliyofuata, mpaka Mama Fisi akarudi amechoka, matiti yamejaa, akakuta wanawe wanajua kuhesabu machweo.

Mama Tumbili alijaribu hapana moja. Kwa ushauri wa Mama Swala alichagua ndogo: asivunje mayai ya Mama Kanga. Asubuhi hiyo Sitaki alilia mara tatu kama kawaida, akanyoosha mkono kupokea ruhusa. Ya nne ikaja: hapana. Akajirusha chini. Akagaragara. Akabana pumzi mpaka uso ukabadilika rangi. Majirani wakatoka kwenye matawi kuangalia nani anachinjwa. Mama Tumbili alikaa palepale, mkono mmoja mgongoni mwa mtoto, machozi yakimtoka yeye zaidi ya mwanawe, akirudia: "Najua unayataka. Ni watoto wa Mama Kanga. Hapana." Hakumpiga, hakumwacha, hakubadilisha neno. Mchana Sitaki alilala usingizi akiwa amemkumbatia. Siku ya pili kilio kilikuwa kirefu zaidi, maana alidhani mama ameugua. Siku ya tano kilikuwa kifupi.

Mama Kiboko ndiye aliyepata tabu kuliko wote. Aliambiwa atoe sababu moja kwa siku. Siku ya kwanza alifungua kinywa chake kile kikubwa, akakaa hivyo kwa muda mrefu. Yeye mwenyewe hakuwahi kupewa sababu na mtu yeyote. Mwisho akasema, "Usimng'ate mwenzio sikio kwa sababu... linauma." Mtii alimtazama kama anayemwona kwa mara ya kwanza, akauliza, "Na kofi?" Mama Kiboko akazama. Lakini mara hii aliibuka mapema, na alipoibuka alisogea karibu na mtoto.

Akina baba hawakukaa bure. Kamati ilipitisha maazimio 11, la nne likisema nidhamu na idumu. Baba Swala alipata maswali machache kutoka kwa Mama Swala, ambayo hayakuingizwa kwenye muhtasari, na tangu siku hiyo alionekana mara mojamoja ukingoni mwa nyasi, akijaribu kukumbuka yupi ni wake. Kimya alimsalimia kwa heshima, kama anavyosalimiwa mgeni.

Vuli ikaja, nyumbu wakashuka kusini kuzaa kwenye nyanda za Ndutu, Mama Fisi akawa analala nyumbani. Masika ilipokaribia, nyani mlinzi akabweka tena. Watoto wakalala chini. Si wote: Sitaki alikimbia hatua tatu, akasimama, akasikika akijiambia "hapana" kwa sauti ya mama yake, akarudi kulala. Wahi na pacha wake walijibanza pamoja. Mtii alilaza tumbo matopeni akatulia tuli, na bwawani muda wote huo hapakuwa na pua hata moja juu ya maji. Mzee Simba hakuamka. Kunguru aliandika kwamba hayo ni matunda ya Azimio Namba Nne.

Kwa mafanikio hayo Mlembe aliongezewa mkataba, akaja kufanya awamu ya tatu. Akapanga majani manne, akaweka vipande vinne, akaanza hotuba yake: "Ninakwenda, nikirudi..."

"Shikamoo, mjomba," Wahi akamkatiza. "Cha pili kiko wapi?"

"Kitakuja."

"Tunaomba kitangulie," akasema Kimya. "Vikae kwa Mama Keremkerem. Sisi tutasubiri."

"Mpaka kivuli kiguse kichuguu," Mtii akaongeza.

"Hata kikivuka," akasema Sitaki, na mama yake huko juu ya tawi nusura aanguke.

Mlembe akafungua mkoba wake, akachungulia, akaufunga. Akasema suala hilo linahitaji mashauriano na ngazi za juu, akaruka kwenda kuzitafuta.

Taarifa yake ya mwisho ililetwa na msaidizi, ikasomwa mkutanoni: "Watoto wa kijiji hiki wa umri wa chekechea hawadanganyiki tena. Chanzo: malezi ya akina mama." Mwenyekiti akauliza kama kuna marekebisho. Akina mama wakasema hakuna, hiyo ipite kama ilivyo.